Chupa ya mofini ilikaa kabatini siku 9 mama akiumia: tuongee ukweli kuhusu maumivu ya kansa na hizi dawa

binti_wa_kwanza (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeuandika vipande vipande usiku wa siku tatu na kuna sehemu nilikuwa nashindwa kuendelea naweka simu chini.

Mama yangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi, ilipogundulika ilikuwa imeshatambaa mpaka kwenye mifupa ya nyonga. Safari yote ya matibabu siielezi hapa, naeleza kipande kimoja tu, maumivu. Siku tulipotoka hospitali tulipewa chupa ya mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, sirinji ndogo isiyo na sindano ya kupimia, na dawa ya kulainisha choo. Nesi alituelekeza haraka haraka pale dirishani, foleni imejaa nyuma yetu, sisi tukawa tunaitikia tu ndiyo ndiyo. Tumefika nyumbani shangazi akasoma jina kwenye chupa akasema hii wanapewa watu wa kufa, mkimwanzishia hii ndio mmeshamkatia tamaa. Kaka naye akadakia atakuwa teja. Basi chupa ikapandishwa kabatini juu kabisa nyuma ya mashuka, mama tukawa tunampa parasetamo na diklofenaki, akizidiwa tunaongeza diklofenaki nyingine.

Siku 9 hivyo hivyo.

Mama hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa anageukia ukutani anachukua ncha ya shuka anaiweka mdomoni anaing'ata, ukimuuliza vipi mama anasema nimechoka tu mwanangu. Lile shuka nilipokuja kulifua nilikuta ncha imetoboka kabisa. Ninalo mpaka leo.

Siku ya kumi nesi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, akapiga simu kutujulia hali. Akauliza, ile dozi ya asubuhi kanywa saa ngapi? Nikanyamaza. Hakunigombeza. Akasema kailete hiyo chupa uishike mkononi, nisomee kilichoandikwa. Nikasoma, miligramu 5 kwa kila mililita 5. Akasema haya vuta mililita 5 na sirinji, mpe taratibu pembeni ya shavu, mimi sikati simu. Zilipita kama dakika arobaini hivi mama akageuka. Akatuangalia wote mle ndani kama mtu aliyerudi safari, akauliza, kwani leo siku gani?

Wakuu hakuwa amelewa wala hakuwa anakufa. Alikuwa ameacha kuumia, basi.

Ndio maana nimeanzisha huu uzi. Kuna mtu humu ana chupa kama ile kabatini na anaiogopa. Mimi nasema iogope kwa pale inapostahili kuogopwa, yaani kwenye kupima, kwenye masaa, kwenye mahali unapoiweka, kwenye kumwangalia mgonjwa, usiogope jina lake ukamwacha mtu anang'ata shuka.

Kitu cha kwanza nilichoelewa ni MASAA. Mofini ya maji inaanza kushika ndani ya nusu saa hivi na nguvu yake ni kama ya masaa manne halafu inashuka. Sasa sisi wengi tunasubiri mgonjwa aseme naumwa ndio tumpe, ile dawa inakuta maumivu yameshapanda kichwani, inahangaika kuyashusha, na kabla haijamaliza kazi muda wake umeisha. Mgonjwa anakaa siku nzima kwenye kupanda na kushuka. Ukimpa kwa saa hata kama kwa wakati huo haumwi unazuia maumivu yasirudi. Ya mama tulipangiwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu ile ya saa 4 usiku daktari aliandika tumpe mara mbili ya kawaida ili ile ya saa 8 ya usiku wa manane tuiruke alale. Hilo la kuongeza usiku msilifanye wenyewe, liwe limeandikwa na daktari wako.

Cha pili, maumivu yanayoruka katikati ya dozi. Mama alikuwa ukimgeuza au ukimwogesha yanachomoka ghafla hata kama kanywa saa moja iliyopita. Kwa hiyo kuna dozi ya dharura pembeni, na kupewa hiyo hakufuti ile ya saa yake, inayofuata anapewa kama kawaida. Kwa mama ya dharura ilikuwa sawa na dozi yake moja. Baadaye nikawa nampa kama nusu saa kabla ya kumwogesha, na kuoga kukaacha kuwa vita.

Cha tatu daftari. Daftari la kawaida tu, saa, dozi, na namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10 anavyosema mwenyewe. Wiki ya pili daktari alilifungua akaona kwa siku tunampa dozi 6 za miligramu 5, hiyo ni 30, na juu yake amehitaji za dharura 4, jumla 50. Akagawanya hiyo 50 kwenye dozi sita, ikaja kama 8.3, akaishusha kidogo akatuandikia miligramu 7.5 kila masaa manne. Bila lile daftari tungemwambia "anaumwa umwa tu" na yeye angebaki kubahatisha.

Naendelea baadaye kidogo, kuna jambo la figo lazima nilieleze.

mjukuu_wa_pili

Pole sana dada. Nimesoma nikalia. Babu yetu aliondoka kwa maumivu ya kansa ya koo na tulikuwa tunaambiana tusimpe dawa kali "mapema" ili aje azikute zina nguvu mbele ya safari. Hakuzikuta popote.

nesi_wa_usiku

Mleta uzi ubarikiwe. Mimi ni nesi, wagonjwa wa kansa nimekaa nao miaka mingi, naomba niongezee nyama kwenye hili alilosema mjukuu_wa_pili maana ndio linaloua watu kwa mateso, kwamba dawa itunzwe kwa ajili ya baadaye.

Mofini haiishi nguvu kwa sababu umeianza mapema. Mwili unaweza kuizoea kidogo ndio, lakini mara nyingi dozi inapanda kwa sababu ugonjwa umekua. Na mofini haina ile dozi ya mwisho kama zilivyo dawa nyingine za maumivu. Parasetamo mtu mzima mwisho gramu 4 kwa siku, zaidi ya hapo unaharibu ini. Tramadoli mwisho wake kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, ukizidisha unaweza kupata degedege. Mofini inapandishwa taratibu kufuata maumivu na madhara yanavyoonekana, kuna mgonjwa wa miligramu 30 kwa siku na kuna wa mamia na wote wanaongea na watoto wao vizuri. Dozi ya huyu usimpe yule, hata kama ugonjwa unaitwa jina moja.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani walitoa ile ngazi ya vipandio vitatu, maumivu madogo parasetamo na wenzake, ya kati kodeini au tramadoli, makali mofini. Ngazi ilisaidia sana ila watu wakaigeuza sheria, yani mgonjwa anaingia mlangoni maumivu ni 9 kwa 10 na bado anaanzishiwa kipandio cha kwanza. Mwongozo wao mpya wa 2018 umeliweka sawa hilo, unaanzia pale maumivu yalipo. Kama ni makali unaenda kwenye kali moja kwa moja, kwa mdomo ikiwezekana, kwa saa, na kwa kumwangalia mtu huyo mmoja mmoja.

Kodeini pia tuielewe jamani, yenyewe ni kama mofini iliyofungwa kwenye karatasi, ini ndio linaifungua liigeuze kuwa mofini. Kuna watu kwa maumbile yao ini haliifungui, atameza kodeini mpaka kesho hapati nafuu anaambiwa anadeka. Wengine linaifungua haraka mno wanapata mofini nyingi kwa mpigo, ndio maana watoto wa chini ya miaka 12 hawapewi.

Na CHOO. Naandika kwa herufi kubwa maana kila mtu anaisahau. Usingizi wa mofini unapungua baada ya siku chache, kichefuchefu mara nyingi kinaisha ndani ya wiki, lakini kukosa choo hakuzoeleki, ukiendelea na dawa na choo kinaendelea kufunga. Dawa ya kulainisha choo inaanza siku ile ile na mofini, sio siku ya tano tumbo likishakuwa gumu kama ubao. Nimeona wagonjwa wanaikataa mofini, ndugu wanasema imemshinda, kumbe tatizo ni choo cha siku nane.

kaka_mdogo88

Habari zenu wakuu. Nina swali la kweli kabisa naomba msinishambulie. Mzee wangu ana kansa ya tezi dume imeenda kwenye mifupa. Kapewa mofini ya maji ni siku ya nne leo haijafunguliwa. Baba mdogo ndio msimamizi wa kila kitu na anasema mtaani kwao vijana wameharibika kwa dawa za jamii hii hii, heroini na mofini ni mtu na kaka yake, kwa hiyo kumpa mzee ni kumfanya teja uzeeni. Mimi namjibu vipi mtu mkubwa kama yule? Na kiukweli hata mimi naogopa.

nesi_wa_usiku

Mdogo wangu pole, na swali lako ni zuri. Kwanza usimwambie baba mdogo kwamba anachokisema ni uongo, maana sio uongo. Heroini inatengenezwa kutokana na mofini, hizi dawa zina hatari ya uraibu na vijana aliowaona amewaona kweli. Ukimbishia hapo umempoteza.

Mweleze kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Moja ni mwili kuzoea. Mgonjwa yeyote akitumia mofini wiki kadhaa ukamkatia ghafla atapata arosto, jasho, tumbo kusokota, kuharisha, kukosa usingizi. Hiyo haina maana amekuwa teja, ni mwili tu, ndio maana hatukati ghafla tunashusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mfano mionzi ikishapunguza maumivu ya mfupa. La pili ndio uraibu wenyewe, mtu anaitafuta dawa hata inapomharibia maisha, anaiba, anadanganya, hawezi kujizuia. Kwa mgonjwa wa kansa anayepewa kwa maumivu, kwa mdomo, kwa saa, na mtu anaandika kwenye daftari, hilo halitokei mara nyingi. Sisemi haliwezekani. Kama aliwahi kuwa na historia ya pombe sana au dawa za kulevya, sema wazi kwa daktari, hatanyimwa, atafuatiliwa kwa karibu tu, dawa ya siku chache chache na mtu mmoja wa kuitunza.

Halafu mtazame mzee. Teja dawa inamtoa kwa watu wake. Mgonjwa mwenye maumivu dawa inamrudisha kwa watu wake, unamwona anakaa, anakula, anauliza habari za wajukuu.

Naomba nikuulize na mimi. Maumivu ya mzee yako wapi hasa, na anatembea?

mfamasia_kijana

Nasubiri jibu la kaka_mdogo88 lakini niongelee kupima, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona yako hapa hapa.

Mofini ya maji haina nguvu moja. Kuna ya miligramu 5 kwa mililita 5, kuna ya miligramu 10 kwa mililita 5, na kuna kali mara kumi na zaidi ya hiyo ya kwanza. Chupa zinaweza kufanana umbo. Mgonjwa alikuwa anapewa "kijiko kimoja" cha ile nyepesi, dozi imepanda amebadilishiwa chupa, nyumbani wanaendelea na kijiko kile kile. Ndio ajali yenyewe hiyo. Kwa hiyo tuache kusema kijiko, tuache kusema kifuniko, tuseme miligramu ngapi ni mililita ngapi, na kila ukipewa chupa mpya soma lebo upya umwombe mfamasia akuchoree mstari kwenye sirinji kwa kalamu. Mimi nachora kila mara na wala sioni usumbufu.

Vidonge vya mofini vinavyoachia dawa polepole vile vya kila masaa 12 havisagwi, havitafunwi, havivunjwi. Ukikisaga dozi ya masaa 12 inaingia yote kwa mara moja. Akishindwa kumeza rudi kwa daktari akubadilishie.

Plasta za fentanili, dawa kali ya jamii ya mofini inayopita kwenye ngozi, zinakaa masaa 72. Ukibandika leo nguvu kamili inakuja baada ya nusu siku mpaka siku nzima, kwa hiyo msiongeze ya pili kwa haraka mkidhani ya kwanza haifanyi kazi. Sio za kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kutumia opioidi, yaani dawa za jamii ya mofini. Ukibandika mpya toa ya zamani, ikunje gundi kwa gundi, iweke mbali na watoto, maana hata iliyotumika imebaki na dawa ya kutosha kumdhuru mtoto.

shemeji_mkubwa

Hilo la plasta limetupata sisi. Mke wa kaka yangu, kansa ya titi, alikuwa anasikia baridi usiku tukamwekea chupa ya maji ya moto mgongoni, kumbe ndipo ilipo plasta. Hatukujua joto linafanya dawa iingie haraka. Alfajiri tunamwita haitiki, anakoroma mkoromo wa ajabu ule wa kukatika katika, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tukabandua plasta tukamkimbiza. Alichomwa naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya opioidi, akaamka, lakini daktari akatuambia naloksoni inaisha mwilini mapema kuliko fentanili kwa hiyo analala hapo chini ya uangalizi, tusidanganyike na kuamka kwake. Alipona na hilo.

Kwa hiyo wanaosema hizi dawa hazina hatari mimi siko nao. Lakini pia sikukubali aachishwe. Aliendelea na dawa mpaka mwisho wake na hakuumia.

nesi_wa_usiku

Shemeji asante kwa kulisema hili, usingeweza kulieleza vizuri zaidi. Dalili wakuu zinakuja kwa mpangilio, usingizi unatangulia ndipo pumzi zinapungua. Mgonjwa aliyelala kwa sababu wiki nzima hakulala kwa maumivu ukimwita au ukimgusa bega anaamka anakujibu, huyo mwache alale. Yule unayemtikisa haamki, au anaamka anadondoka tena katikati ya neno, hesabu pumzi kwa dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Zikiwa chini ya 10 na haamshiki, usimpe dozi inayofuata, kama ana plasta ibandue, piga simu au mkimbizeni muda huo huo. Na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu juu ya mofini ni hatari sana labda daktari anayejua zote mbili ndiye aliyeandika.

binti_wa_kwanza (mleta uzi)

Nimerudi. Jambo la figo.

Wiki ya saba mama alianza kushtuka shtuka, mkono unaruka wenyewe, bega linaruka, akilala ndio zaidi. Halafu akawa anafuta ukuta kwa kiganja, namuuliza mama unafuta nini anasema hawa sisimizi mbona wengi hivi. Shangazi akasema si nilisema, dawa imempanda kichwani. Na mimi moyoni nikasema labda ana haki.

Nikampigia nesi. Swali lake la kwanza lilikuwa mkojo. Anakojoa kiasi gani toka jana? Nikakumbuka kumbe kidogo sana. Kansa ya mlango wa kizazi ikikua inaweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na figo ndizo zinazotoa mabaki ya mofini mwilini, zikizidiwa mabaki yanajaa, dozi ile ile iliyokuwa sawa wiki iliyopita inakuwa nyingi leo. Ile diklofenaki tuliyokuwa tunambebesha zile siku 9 nayo inajulikana kuumiza figo. Yani tulikimbia dawa tuliyoiogopa tukaenda kujificha kwenye dawa tuliyoizoea, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ile tuliyoizoea nayo ina meno.

Daktari akapunguza dozi na akatenganisha masaa, badala ya kila masaa manne ikawa kila masaa nane. Ndani ya siku mbili sisimizi wakaisha. Akamwongezea na amitriptilini kidogo usiku kwa sababu kulikuwa na maumivu mengine yanashuka mguuni kama umeme, yanachoma, ngozi inauma hata ikiguswa na shuka, kumbe hayo ni ya mishipa ya fahamu na mofini peke yake huwa haiyatoshelezi. Mfupa wa nyonga ulipigwa mionzi mara moja tu, na maumivu ya kukaa yalipungua wiki zilizofuata.

Kuna mtu ataniuliza mofini ilimwahisha? Mimi nasema hapana. Alikaa nasi miezi minne na nusu toka siku ile ya chupa. Kwenye hiyo miezi alinifundisha kushona tundu la kifungo.

mjukuu_wa_pili

Swali dogo. Kama hii dawa ni ya zamani hivi na ni ya bei ya chini kwa nini watu hawaipati?

mfamasia_kijana

Ya zamani kweli mkuu, Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa miaka ya 1800. Namna ya kuitumia kwa mdomo, kwa saa, bila kusubiri mgonjwa aombe, ilipata nguvu kupitia Cicely Saunders aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kutunza wagonjwa wasio na tiba ya kupona, kule London mwaka 1967. Yeye alisema maumivu ya mtu anayeugua hivi yana mwili, yana hofu, yana familia, yana roho, vyote kwa pamoja. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani toka orodha ya kwanza kabisa ya mwaka 1977.

Sasa kuipata. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti 2017, kati ya tani 298.5 za opioidi zinazosambazwa duniani kwa mwaka ukizipima kwa uzito wa mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Soma tena hiyo namba. Sheria nyingi zimeandikwa kuzuia wizi wa dawa na ni haki kuzuia, lakini zimeandikwa kama vile mgonjwa hayupo. Uganda walibadilisha sheria 2004 manesi waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika, kwa hiyo inawezekana kabisa.

kaka_mdogo88

Nesi samahani nimechelewa kujibu nilikuwa naye. Maumivu ni mgongoni katikati, kama mshipi unaombana mpaka mbele, akikohoa yanazidi. Kutembea alikuwa anatembea vizuri ila toka juzi miguu inalegea anasema ameishiwa nguvu, leo asubuhi nimemshika kwenda chooni. Na mkojo ulikuwa unagoma kutoka. Tumedhani ni kwa sababu hajala.

nesi_wa_usiku

Mdogo wangu acha kusoma uzi. Mpeleke hospitali SASA HIVI, sio kesho asubuhi. Kansa ya tezi dume inapenda mifupa ya mgongo, ikivimba humo inabana uti wa mgongo. Mgongo unauma, miguu inalegea, mkojo unagoma, hivyo vitatu pamoja ni dharura. Mkifika waambieni maneno haya haya, nashuku uti wa mgongo umebanwa, miguu imeanza kulegea juzi. Nguvu ikishapotea kabisa mara nyingi hairudi, mkiwahi inaweza kuokolewa. Mbebeni amelala, msimkalishe msimtembeze. Chupa ya mofini nendeni nayo.

binti_wa_kwanza (mleta uzi)

Kaka mdogo tuko na wewe. Ukipata nafasi tuambie chochote.

shemeji_mkubwa

Kijana nenda. Baba mdogo atafuata nyuma.

kaka_mdogo88

Wakuu nimeshika simu saa hii saa 10 alfajiri. Walimpokea haraka nilipotaja uti wa mgongo. Amechomwa deksamethazoni ya kupunguza uvimbe, amepigwa picha, wamesema kweli unabanwa, mionzi inaanza leo asubuhi. Wamemwekea mpira wa mkojo. Vidole vya miguu anachezesha.

Baba mdogo alikuja saa 6 usiku. Daktari alimweka chini akaongea naye kama nusu saa, sijui walisema nini, ila yeye mwenyewe ndiye aliyeifungua chupa. Dozi ya kwanza miligramu 5 saa 6 na robo, ya pili imetolewa sasa hivi. Mzee amelala chali, ana miezi hajalala chali. Nimehesabu pumzi dakika nzima ni 14, nimemgusa bega akasema niache kwanza. Nimeanza daftari.

nesi_wa_usiku

14 na anajibu, vizuri sana. Mwache alale. Choo amepata lini mara ya mwisho?

kaka_mdogo88

Siku tatu zilizopita.

nesi_wa_usiku

Waambie asubuhi kwenye raundi, kabla daktari hajaondoka kitandani. Kwa mgongo uliobanwa choo nacho kinagoma chenyewe, bado mofini haijaongeza yake. Liandike kwenye daftari ukurasa wa kwanza usije ukalisahau.